Shikamoo ya Ofisini na Mabaki ya Lugha ya Utumwa

Kila baada ya muda huzuka upya mjadala miongoni mwetu sisi wapenzi wa Kiswahili: je, "shikamoo" ni heshima au ni mnyororo? Wanaoipinga huja na hoja moja ambayo huonekana kama imemaliza mazungumzo. Husema salamu hiyo ilitoka kinywani mwa mtumwa aliyeinama miguuni pa bwana wake, na kwamba mtu huru hapaswi kuitamka, sembuse mahali pa kazi, mbele ya mtu aliyemzidi cheo na mshahara tu. Wanaoitetea hujibu kuwa asili imekwisha kusahauliwa, na neno huishi kwa maana yake ya leo. Nimewasikiliza wote kwa miaka mingi, na naona kuwa wote wanalitazama neno lenyewe mno na kuisahau njia lililoipita. Utumwa haukuacha neno moja katika Kiswahili. Umeacha jamii nzima ya maneno, na sehemu kubwa ya jamii hiyo bado imo katika lugha yetu ya kazi: katika barua, katika vyeo, katika namna tunavyomwita anayetuletea chai.

Tuanze na kitenzi "tuma". Kutokana nacho Kiswahili kimezaa mtume, mtumwa na mtumishi, na kila mmoja amezaliwa kwa kanuni yake. "Mtume" ana kiishio -e, kile kile kinachotupa mteule kutokana na teua, na kiumbe kutokana na umba: ni aliyetumwa. "Mtumwa" amebeba kiambishi cha kutendwa, -w-, naye pia ni aliyetumwa. Kisarufi hawa wawili wana maana moja. Kimaisha, mmoja aliwekwa juu kabisa ya ngazi ya heshima na mwingine chini kabisa. "Mtumishi" anatokana na tumika, kwa kanuni ile ile inayogeuza k kuwa sh tunapotoka pika kwenda mpishi, au andika kwenda mwandishi. Huyu ndiye aliyerithi ofisi. Tanzania ina ofisi nzima ya Utumishi wa Umma chini ya Rais, na katibu mkuu wa wizara ni mtumishi wa umma sawasawa na mlinzi aketiye langoni pake. Mchungaji naye huitwa mtumishi, hufurahi, na wakati mwingine huliandika mbele ya jina lake. Sijapata kumsikia yeyote kati ya hawa akilalamika kwamba jina lake limezaliwa tumbo moja na "mtumwa". Lakini jaribu kumtambulisha kwa wageni binti anayekusaidia kazi nyumbani kwa kusema "huyu ni mtumishi wetu", kisha umtazame usoni.

Neno ni lile lile na mzizi ni ule ule. Basi kama asili ya neno ndiyo ingekuwa sumu, katibu mkuu naye angeumwa.

Inafaa kukumbuka jinsi jambo hili lilivyo karibu nasi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Kufunga soko, hata hivyo, hakukuwa kufuta utumwa. Hadhi ya kisheria ya utumwa iliondolewa Unguja na Pemba mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika ikangoja hadi 1922, chini ya Waingereza. Mtoto aliyezaliwa utumwani katika mashamba ya Mrima mwaka 1900 angeweza kabisa kuwa mzee wa miaka sitini na mmoja, akiwa na akili zake timamu, siku bendera ya Tanganyika ilipopandishwa. Wajukuu wa mzee wa namna hiyo wako kazini leo, wengine ni wakurugenzi. Kwa hiyo anayesema kuwa hayo ni mambo ya kale mno ahesabu vizuri.

Katika lugha ya pwani ya karne ya 19 watumwa hawakuwa kundi moja, na maneno yao yalikuwa mengi kuliko tunayoyakumbuka. Mtumwa wa kiume mtwana, wa kike mjakazi. Aliyezaliwa pwani, akakulia humo na kuijua dini na adabu za mji, aliitwa mzalia, naye alijiona bora kuliko aliyeletwa juzi kutoka bara. Huyo wa juzi, asiyejua lugha wala desturi, aliitwa mjinga. Ndiyo, mjinga huyu huyu wetu. Kabla ya kuwa tusi la mtu yeyote asiyeelewa, lilikuwa jina la mgeni aliyeshushwa kutoka katika msafara, ambaye ujinga wake ulikuwa kutojua Kiswahili. Meneja anayemfokea karani wake kwa neno hilo leo hamkumbuki mtu wa msafara, na karani hamkumbuki, na bado karani anaumia. Hapa asili imefutika kabisa, na uchungu umebaki mzima.

Upande wa pili alikuwapo muungwana, yaani mtu huru. Leo tukimsifu mwenzetu kwamba "ni muungwana sana", au tukiomba mkutano uendeshwe kiungwana, tunatumia neno ambalo maana yake ya zamani ni "asiye mtumwa". Pongezi yetu nzuri kuliko zote imejengwa juu ya mgongo wa mtu mwingine. Wanaotaka kuisafisha lugha ya ofisi kwa kufuata asili za maneno itawabidi wamfukuze na muungwana, na sidhani kama wako tayari.

Watu waliotoka utumwani hawakukaa kungoja maneno yasafishwe. Walibadili mavazi. Wanawake waliokuwa wakivaa kaniki wakachukua kanga, na wanaume wakajifunika vichwa kwa kofia na kuvaa kanzu, vitu ambavyo zamani vilikuwa alama ya waungwana. Walibadili majina pia. Mfano unaojulikana zaidi ni wa mwimbaji mkuu wa taarabu, aliyezaliwa Fumba, Unguja, mwishoni mwa karne ya 19, na kupewa jina la Mtumwa. Mwaka 1928 aliposafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri, hakwenda kwa jina hilo. Alikwenda akiwa Siti, yaani bibi mwenye hadhi, Siti binti Saad, na kwa jina hilo Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Sitaki kulifanya jambo hili kuwa jepesi, kwani Mtumwa limebaki kuwa jina la watu Zanzibar, na wenye jina hilo hulibeba bila aibu yoyote. Hata hivyo, kutoka Mtumwa hadi Siti ni safari ambayo kila mtu wa mji ule wakati ule aliielewa bila kufasiriwa.

Sasa turudi kwenye shikamoo. Wengi hulifasiri kuwa mkato wa "nashika miguu", na vitabu vya sarufi na kamusi za wamisionari wa karne ya 19 hulieleza kuwa salamu ya mtumwa kwa bwana wake, au ya mtu duni kwa mtu mkubwa. Jibu lake, "marahaba", limetoka kwenye Kiarabu, na asili yake ni neno la kumkaribisha mtu. Wanaoipinga shikamoo hawajadanganya, basi. Ninachowauliza ni kitu kingine. Ilikuwaje salamu hii isife na bwana wake? "Mtwana" limekufa mdomoni mwetu, limebaki vitabuni. "Mzalia" limepoteza uchungu wake, na leo ni mwenyeji wa mahali tu. Shikamoo ilitoka pwani ikapanda bara, ikavuka makabila ambayo hayakuwahi kuwa na mabwana wa Kiswahili, ikaingia mashuleni, na leo mtoto wa Sumbawanga huifundishwa kabla hajajua kuhesabu hadi kumi.

Nadhani jibu liko katika badiliko moja ambalo hakuna aliyelitangaza. Salamu ilihama kutoka kwenye hadhi ikaenda kwenye umri, na badiliko hilo si dogo. Katika hadhi, mtumwa huamkia maisha yake yote na bwana huitikia maisha yake yote. Hakuna siku watakapobadilishana. Katika umri, kila anayeamkia leo ataamkiwa kesho, Mungu akimpa uhai. Mtoto wa waziri humwamkia muuza mchicha. Msichana anayesema shikamoo akiwa na miaka saba, akifika arobaini atakuwa ameitikia marahaba nyingi kuliko shikamoo alizotoa. Wanamuziki wakongwe wa Dar es Salaam walipoungana katika miaka ya 1990 kuunda bendi, wakaiita Shikamoo Jazz, hakuna aliyedhani kuwa wamejiita watumwa. Jina lilimaanisha: hawa ni wazee, waamkieni.

Ulinganishe mwendo huo na ule wa neno "boi". Hili halikutoka utumwani. Lilikuja na Waingereza likiwa na maana ya mvulana, na katika nyumba, mashamba na ofisi za kikoloni likawa jina la kazi: boi wa nyumbani, boi wa ofisi, shamba boi. Aliyeitwa hivyo angeweza kuwa na miaka hamsini na wajukuu. Na aliyemwita hivyo angeweza kuwa kijana wa miaka ishirini na miwili aliyeshuka melini mwezi uliopita, naye huyo ndiye aliyeitwa bwana. Tazama ubaya ulipo. Shikamoo ilipoachana na hadhi ilikwenda kumpa mtu umri wake. Boi lilikuja kumnyang'anya. Katika jamii ambazo umri ndio mali pekee ambayo maskini hukusanya bila kuhitaji mtaji, kumwita mzee mtoto kulikuwa wizi wa aina yake. Ndiyo maana neno hili halikusafishika. Kamusi bado zinalihifadhi, lakini mtu mwenye adabu halitamki tena isipokuwa anaposimulia enzi hizo.

Kiswahili cha masetla kilikuwa na tabia nyingine pia: kilikuwa lugha ya amri. Vitabu vilivyoandikwa kuwafundisha wazungu Kiswahili cha bara viliwafundisha zaidi kuagiza, yaani lete, peleka, fagia, ngoja. Sidai kwamba hapo ndipo ilipotoka tofauti ambayo Mtanzania huiona mara moja akifika Nairobi, mteja anapomwambia mhudumu "leta chai" bila "naomba". Wasemaji wa lugha mama nyingi huamrisha kwa upole wa sauti, na wenzetu Wakenya hawana nia mbaya hata kidogo. Lakini katika ofisi zenye watu kutoka pande zote mbili za mpaka nimeiona "nipe" moja ikiharibu asubuhi nzima, huku aliyeitamka akishangaa kosa lake ni lipi.

Jambo ambalo wapenzi wa lugha hatulizungumzi vya kutosha ni kwamba Tanzania ilikuwa na kipindi ambacho lugha ya wakubwa kwa wadogo kazini iligeuka kuwa suala la kisiasa waziwazi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, "ndugu" lilichukua nafasi ya "bwana" katika mikutano, barua na magazeti. Kisha mwaka 1971 TANU ikatoa Mwongozo wake, na ibara yake ya 15 iliwataka viongozi wasiwe na jeuri, dharau wala uonevu kwa wale wanaowaongoza. Waandishi wake huenda walikusudia viongozi wa chama. Wafanyakazi wa viwandani waliisoma wakawaona mameneja wao. Katika miaka miwili mitatu iliyofuata ikazuka migomo, na Issa Shivji, katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu mapambano ya kitabaka nchini Tanzania, ameonyesha kuwa mingi ya migomo hiyo haikuhusu mishahara. Ilihusu kudhalilishwa: namna wafanyakazi walivyosemeshwa, walivyofokewa, walivyotendewa kama si watu wazima. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel jijini Dar es Salaam walifikia hatua ya kukitwaa kiwanda chenyewe.

Mimi huirudia habari hii kila ninaposikia kwamba kujali maneno kazini ni mambo ya kuiga kutoka Ulaya na Marekani. Wafanyakazi wa Dar es Salaam, mikono ikinuka mpira na mafuta, waliijali lugha ya kazini kiasi cha kuhatarisha ajira zao kwa ajili yake. Na hawakuhitaji kamusi ya asili za maneno. Sioni katika kumbukumbu hizo watu waliogoma kwa kuwa neno fulani lilikuwa la zamani. Waligoma kwa kuwa waliambiwa maneno wasiyoweza kuyarudisha.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, penye kipimo. Neno la zamani huumiza pale linapokwenda upande mmoja tu. Na kwa kipimo hicho hicho shikamoo, niliyoitetea hapa juu, hupata taabu ikiingia ofisini, kwa sababu ofisini umri na cheo hukutana mlangoni na havipishani. Nilipoanza kazi ya uhariri alikuwapo dereva mwenye umri wa kunizaa. Kila asubuhi alinipigia shikamoo, kwa kuwa nilikuwa na meza na yeye hakuwa nayo. Nilianza kumwahi. Nikimwona anafunga mlango wa gari nilipaza sauti kutoka ng'ambo ya uwanja, "Shikamoo mzee!" na yeye, akiwa amewahiwa, alicheka na kuitikia kwa sauti ya chini, kama mtu anayepokea kitu asichopaswa kukipokea mbele ya watu. Siku nyingine yeye ndiye aliyewahi. Hatukuwahi kulizungumza. Lakini nilijua, na naamini alijua, kwamba shikamoo yake kwangu na shikamoo yangu kwake hazikuwa salamu moja. Yangu ilikuwa ya leo. Yake ilikuwa imerudi kinyumenyume miaka mia na zaidi, hadi mahali ilikotoka.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka ipigwe marufuku ofisini, kama ambavyo siwaungi mkono wanaotaka kila bosi aamkiwe nayo. Ofisi ikiifuta itawanyima wazee haki yao pekee isiyo na bajeti. Ikiifuatisha ngazi ya vyeo itamfufua bwana. Pwani ya kaskazini, Mombasa na Lamu, hawaitumii sana salamu hii. Wana sabalkheri na masalkheri zao, ambazo huenda na kurudi bila kumshusha mtu, na heshima yao haijapungua kwa hilo.

Hata maneno mapya yaliyoletwa kuziba pengo la yale ya kale yanahitaji kutazamwa kwa jicho kali. Tarishi amekuwa mhudumu wa ofisi, na ni vizuri, ingawa hudumu nalo kwa asili yake ya Kiarabu ni neno la utumishi. Topasi, hamali na kuli wamebaki zaidi katika orodha za majina ya kazi ambazo watoto wa shule za msingi Kenya hukariri kwa ajili ya mtihani. Bwana shamba na bibi shamba ni maafisa ugani sasa, japo wakulima wengi bado huwaita kwa majina ya zamani, na kwa upendo. Nisiyemwamini hata kidogo ni "dada". Hausigeli lilikuwa baya. Lina mkia wa boi. Tukalibadili kuwa "dada wa kazi", kisha "dada" mtupu, na masikio yakastarehe. Lakini dada wa damu huketi mezani, huumwa na kupelekwa hospitali, hurithi. Dada huyu hula baada ya wote, hulala baada ya wote, na akiuliza mshahara wa miezi miwili huambiwa: kwani wewe si kama mtoto wa nyumba hii? Vyama vya wafanyakazi hupendelea "mfanyakazi wa nyumbani", na ndivyo ulivyosema mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2011 ulipotaka watu hawa wapate haki za wafanyakazi wengine. Ni jina refu, baridi, lisiloimbika. Mshairi hatalitaka katika kina chake. Lakini lina neno "mfanyakazi" ndani yake, na mfanyakazi anadai ujira, jambo ambalo dada huona haya kulifanya.

Barua rasmi nazo zina historia yao katika haya. Maofisa wa Kiingereza walikuwa wakimaliza barua zao kwa kujiita watumishi watiifu wa yule wanayemwandikia, hata pale gavana alipomwandikia mtu wa chini yake. Ilikuwa adabu tu, na kila upande uliitumia. Makarani wetu waliitafsiri, na katika Kiswahili ikageuka, kwa kuwa mwombaji wa kazi humwandikia mkubwa na mkubwa hamjibu kwa maneno hayo. Enzi ya ndugu ikaja na "wako katika ujenzi wa taifa", lililoweza kuandikwa na tarishi kwa mkurugenzi na mkurugenzi kwa tarishi. Hilo nalo limepita. Mashuleni, barua ya kuomba kazi bado hufundishwa imalizike kwa "wako mtiifu", na kila mwaka maelfu ya vijana huliandika chini ya maombi yao, hukunja karatasi, wakangoja jibu ambalo, likija, litaishia kwa jina, sahihi na muhuri.